Mtoto Asiyeitika Jina Lake: Tuelewe Usonji



Sisi wahudumu wa afya wa kujitolea, wale mnaotuita VHT, tunapopita nyumba kwa nyumba tunauliza habari za homa, za chandarua na za choo. Lakini kuna swali ambalo akina mama hutuuliza sisi, tena kwa sauti ya chini, mara nyingi tukiwa tumeshafunga daftari na tunaaga: "Mwanangu ana miaka minne na hasemi. Nikimwita hageuki. Je, amerogwa?" Tumelisikia kwa Kiswahili, kwa Kilingala, kwa Kikakwa na kwa Kilugbara. Si swali la kabila moja wala la dini moja, na si la wakimbizi peke yao, maana wenyeji wetu nao wanaliuliza.

Jibu ni kwamba hajarogwa. Zipo sababu nyingi za mtoto kuchelewa kusema, na mojawapo inaitwa usonji. Hospitalini utasikia wakiuita otizimu. Tunaomba usome ukurasa huu hata kama kwako hakuna mtoto wa namna hiyo, kwa sababu mara nyingi jirani ndiye anayemtesa mama kwa maneno kuliko hali yenyewe ya mtoto.

USONJI NI NINI?

Usonji ni hali ambapo ubongo wa mtoto unakua na kufanya kazi kwa namna tofauti na ile tuliyoizoea. Kwa kawaida huanza kabla ya mtoto kufika miaka 3, hata kama familia huja kuutambua baadaye. Hauambukizi. Huwezi kuupata kwa kula naye sahani moja au kulala naye mkeka mmoja, na mwanamke mjamzito anaweza kumbeba bila hofu yoyote.

Daktari Leo Kanner alieleza hali hii mwaka 1943 huko Baltimore, Marekani, alipoandika habari za watoto 11. Kwa sababu hiyo wengine husema ni ugonjwa wa Wazungu. Si kweli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Hapa Uganda, Dkt. Angelina Kakooza-Mwesige wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake walienda kuwatafuta watoto hao katika jamii za Kampala na Wakiso, wakawakuta, na utafiti wao ulichapishwa mwaka 2014. Sasa fanya hesabu mwenyewe. Katika makazi yenye watu 5,000, kipimo hicho cha dunia kinatoa watu karibu 40. Je, wewe umewaona wangapi kanisani, msikitini au kwenye mgao? Wengi wamo ndani na mlango umefungwa.

UTAUTAMBUAJE?

Mtoto wa mwaka mmoja akiitwa jina lake hugeuka. Akifika mwaka mmoja na nusu huonyesha kwa kidole: anaona mbuzi, anamnyooshea kidole, kisha anakutazama wewe usoni kuona kama nawe umemwona. Huko kunyoosha kidole ili mwone pamoja ni jambo dogo lakini lina maana kubwa. Mtoto mwenye usonji mara nyingi hafanyi hivyo. Akitaka maji, hukushika mkono na kuuvuta mpaka kwenye dumu kama vile mkono wako ni kifaa, bila kukutazama. Hachezi mchezo wa kuigiza, kama kupika udongo kwenye kifuniko au kumbeba mdoli wa nguo mgongoni. Anaweza kupanga vizibo vya soda kwa mstari kutwa nzima, na ukikisogeza kimoja analia kama amepigwa.

Wengine hupunga mikono, hujizungusha, hutembea kwa ncha za vidole au husema neno moja mara mia. Ukimuuliza "Umekula?" naye anajibu "Umekula?" Wengine hawavumilii kelele za mashine ya kusaga, nguo mpya, kunyolewa au chakula cha aina mpya. Kuna anayekula posho tu, tena kavu, na mboga ikigusa posho hali tena.

Wazazi wengi hudhani mtoto ni kiziwi. Lakini mtoto huyo huyo asiyegeuka ukimwita anatoka mbio akisikia karatasi ya biskuti ikifunguliwa chumba cha pili. Hata hivyo usijiamulie nyumbani. Masikio yapimwe, kwa sababu kuna viziwi wanaodhaniwa kuwa na usonji na kuna wenye usonji wanaodhaniwa kuwa viziwi.

Usonji hauna sura moja. Yupo asiyesema kabisa maisha yake yote. Yupo anayesema vizuri, anasoma, anajua hesabu kuliko darasa zima, lakini haelewi utani na hana rafiki. Wavulana wanaotambuliwa ni wengi kuliko wasichana, ila tuwe macho. Msichana akinyamaza, sisi humsifu kuwa ana adabu, na shida yake inapita bila kuonekana.

MAMBO YANAYOFANANA NA USONJI

Hapa kwetu jambo hili lina ugumu wake. Familia nyingi hutuambia: "Tulikimbia vita, tulilala porini, na tangu hapo mtoto hasemi." Ni kweli kwamba mtoto aliyeona mambo ya kutisha anaweza kunyamaza, na huyo anahitaji msaada wa ushauri nasaha. Lakini pia wapo watoto wenye usonji ambao walianza na maneno machache, kisha kati ya mwaka mmoja na miwili wakayapoteza. Ikiwa safari ya kukimbia ilitokea wakati huo huo, familia huunganisha mambo hayo mawili. Ndiyo maana mhudumu atakuuliza kwa makini: kabla ya vita alikuwa anaitika? Alikuwa anacheka ukicheka naye? Alikuwa anaonyesha kwa kidole? Majibu hayo yana thamani kubwa, na hakuna mashine inayoweza kuyatoa. Usonji haupimwi kwa damu wala kwa eksirei.

Wengine huchanganya usonji na ugonjwa wa kutikisa kichwa uliowapata watoto wa Kitgum, Pader na Lamwo, na wengine huko Sudan Kusini. Ule ni ugonjwa mwingine. Kwa kawaida humpata mtoto aliyekuwa mzima, wa kati ya miaka 3 na 18, na huja na degedege. Kifafa nacho si usonji, ila mtoto mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Kifafa kina dawa. Kwa hiyo mtoto mwenye usonji akianguka, akikakamaa au akikodoa macho bila kusikia kitu, usiseme "ni ile hali yake tu." Mpeleke kituoni.

UNASABABISHWA NA NINI?

Sehemu kubwa ni ya urithi, yaani ile mbegu ya mwili tunayoipokea kutoka kwa baba na mama. Tunasema baba na mama wote wawili. Zamani, katika miaka ya 1950 na 1960, hata wasomi wa Ulaya na Marekani walimlaumu mama. Walidai mtoto anapata usonji kwa sababu mama hana upendo. Nadharia hiyo imeshatupwa, lakini huku kwetu bado inaishi kwa jina lingine: mama alizini, mama alikula mwiko, mama ana laana ya ukoo wake. Wanaume wameacha wake zao kwa maneno hayo. Baba unayesoma hapa, mtoto ni wako, na mama yake hakufanya kosa lolote.

Kwa ndugu zetu tuliotoka Kongo, neno linaloumiza zaidi ni ndoki. Mtoto hatazami watu, anacheka usiku peke yake, basi wanasema ni ndoki na anapelekwa kwenye maombi ya kufukuzwa pepo, ananyimwa chakula, anachomwa. Mjue kwamba Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 inaweka adhabu. Hapa Uganda pia, kumtesa mtoto ni kosa la jinai, hata kama anayemtesa anashika kitabu kitakatifu. Kumwombea mtoto hakumdhuru. Kumfungisha siku tatu bila maji kunaweza kumuua.

Kuna sababu nyingine chache ambazo tunaweza kuzifanyia kazi. Ya kwanza ni malaria kali. Mwaka 2006 wataalamu walichapisha habari za watoto 20 waliowachunguza nchini Tanzania. Watatu kati yao walikuwa wakikua vizuri, na dalili za usonji zilianza walipopona malaria kali iliyowaletea homa ndefu na degedege. Ni watoto wachache, na watoto wengi wanaougua malaria hawapati usonji. Lakini hiyo ni sababu moja zaidi ya kulala ndani ya chandarua badala ya kukitumia kufugia kuku. (Tunajua mnafanya hivyo. Tunaviona.) Na mtoto mwenye homa apimwe siku hiyo hiyo.

Ya pili ni dawa ya kifafa iitwayo valproeti. Mama akiitumia akiwa mjamzito, inaongeza hatari kwa mtoto. Usiache dawa kwa uamuzi wako, kwa sababu kifafa kisichotibiwa nacho kinaua. Ila kama wewe ni mwanamke unayetumia dawa hiyo na unafikiria kuzaa, mwambie mhudumu mapema ili akupangie nyingine.

Na chanjo? Hapa turefushe kidogo, kwa sababu maneno haya yanafika hata huku kwa simu. Mwaka 1998 daktari mmoja wa Uingereza, Andrew Wakefield, aliandika kuhusu watoto 12 akidai kwamba chanjo yenye surua inahusiana na usonji. Baadaye ilibainika kwamba kazi hiyo haikuwa ya haki. Jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010, na mwaka huo huo yeye akaondolewa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza. Mwaka 2019 huko Denmark walichapisha matokeo ya watoto zaidi ya 650,000. Waliochanjwa na wasiochanjwa hawakutofautiana kwa usonji. Sababu ya watu kuamini ni kwamba chanjo ya surua na dalili za usonji huja katika umri unaokaribiana. Surua kwenye makazi yenye msongamano inapita nyumba hadi nyumba kama moto wa nyasi. Mchanje mtoto.

KUHUSU KAMBA

Tuseme wazi jambo ambalo wengi wanalijua na hawalisemi. Kuna watoto wanaofungwa kamba mguuni, kwenye nguzo ya nyumba au chini ya mti, kuanzia asubuhi mpaka mama anaporudi. Hatuandiki haya kumhukumu mama. Mara nyingi yuko peke yake, lazima aende kulima shamba la watu, lazima apange foleni bombani, na mtoto akiachwa anakimbilia barabarani au mtoni. Mama anafunga kwa sababu anaogopa kumpoteza.

Lakini kamba inakata ngozi na kidonda kinaoza. Nyumba ya nyasi ikishika moto, aliyefungwa hana pa kukimbilia. Na saa zote hizo ndizo saa ambazo angejifunza kitu. Basi tufanye nini badala yake?

Kwanza, mama asibebe peke yake. Nyumba tatu au nne zinaweza kupeana zamu, kila moja siku yake, kama tunavyopeana zamu ya kulima. Zungusha uwanja kwa miti au matete, na komeo la mlango liwe juu. Mfunge mtoto njuga kwenye kifundo cha mguu ili usikie anakoelekea. Andika namba ya simu kwa wino usiofutika ndani ya kola ya shati. Mpeleke mtoto umtambulishe kwa mlinzi wa bomba, kwa vijana wa boda boda wa stejini, kwa mwalimu na kwa mwenyekiti wa bloki, uwaambie: "Huyu ni wangu, hasemi, mkimwona peke yake mnipigie." Kwa ninyi mnaokaa mjini, Arua Hill au Oli, hili ni muhimu zaidi. Mtaa una magari na watu wasiomjua, na mtoto anayechukua mkate dukani bila kusema neno anaweza kupigwa kama mwizi. Funikeni pia mashimo na visima. Watoto wengi wenye usonji huvutwa na maji na hawaoni hatari.

UNAVYOWEZA KUMSAIDIA NYUMBANI

Hakuna dawa inayoondoa usonji. Anayekuuzia dawa hiyo anakuibia. Mwaka 2019 magazeti yaliripoti kwamba watu wengi Uganda walinyweshwa maji yaliyoitwa ya muujiza, nayo ni dawa ya kung'arishia nguo. Huko Ulaya na Marekani wazazi wa watoto wenye usonji wameuziwa maji hayo hayo. Yanaunguza matumbo. Daktari anaweza kutoa dawa kwa ajili ya kifafa, kukosa usingizi au hasira zinazomfanya mtoto ajiumize, lakini dawa hizo hazifanyi kazi ya kumfundisha. Hiyo ni kazi yetu, na haihitaji fedha.

Inama, uwe sawa na macho yake, kabla hujamwita. Mguse bega kwa upole, taja jina, kisha sema maneno machache. Badala ya "Wewe njoo hapa haraka uvae nguo tunachelewa," sema "Vaa shati," huku umelishika shati. Halafu ngoja. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Wengi wetu hatungoji, tunarudia kwa ukali, na mtoto anapotea katikati ya maneno.

Mwonyeshe vitu badala ya kumweleza. Kabla ya kwenda bombani mpe dumu dogo alishike, naye atajua mnakwenda wapi. Kabla ya kula mpe sahani. Baada ya wiki kadhaa anaweza kukuletea sahani mwenyewe. Siku hiyo amekuambia "nina njaa," ingawa hakutoa sauti. Mjibu mara moja, mpe chakula, furahi naye. Maneno kwa wengine huja baadaye. Usiogope kwamba ishara zitamfanya mvivu wa kusema, hazizuii maneno.

Kaa naye katika anachokipenda. Akipanga vizibo, nawe keti chini upange. Ongeza kimoja, subiri akutazame, taja jina la rangi yake. Dakika kumi za namna hiyo asubuhi na jioni, wakati wa kuoga au kuchambua maharage, zinamfundisha kuliko fimbo. Fimbo haimfundishi kitu kwa sababu haelewi amepigwa kwa nini.

Mpangilio wa siku usibadilike ovyo. Ukijua kesho kuna mgao au safari, mwandae kwa vitu atakavyoviona. Siku ya mgao ni ngumu sana kwake: jua, kelele, kusukumana. Akianguka chini na kupiga mayowe, msiseme ana pepo au hakulelewa. Masikio yake yamejaa. Mtoe pembeni kwenye kivuli, nyamaza, subiri. Na wewe mama, una haki ya kuomba foleni ya wenye mahitaji maalumu. Mwambie mfanyakazi wa ulinzi wa jamii akuandikishe kabla ya siku yenyewe.

SHULE NA MATIBABU

Uganda iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, na elimu ya msingi bila ada ilianza hapa mwaka 1997. Mwalimu mkuu hapaswi kumrudisha mtoto kwa sababu hasemi. Tunajua darasa lina watoto zaidi ya mia na mwalimu amechoka. Zungumza naye kwa utaratibu: mtoto akae mbele, mbali na dirisha, aanze kwa saa mbili tu. Inawezekana. Nairobi, Shule ya Msingi ya City ilifungua kitengo cha watoto wenye usonji mwanzoni mwa miaka ya 2000, ndani ya shule ya kawaida.

Ukiwa na wasiwasi, usingoje mtoto afike miaka 6. Ubongo wa mtoto mdogo hujifunza kwa urahisi zaidi. Anza na VHT wa bloki yako, kisha kituo cha afya kilicho karibu. Walioko Lobule wanaweza kuendelea hadi hospitali ya Koboko. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Arua ina kitengo cha afya ya akili. Omba barua ya rufaa, na uliza siku ya kliniki kabla ya kulipa nauli. Katika vituo vya serikali mkimbizi na mwenyeji hutibiwa bila malipo.

Siku ya kwenda, chukua kadi ya chanjo na kadi ya kliniki ya ujauzito kama bado ipo. Nenda na mtu anayekaa na mtoto mchana, hata kama ni bibi au dada yake mkubwa. Mwezi mmoja kabla, weka alama kwenye karatasi kila anapoanguka, anapopoteza fahamu, au anapofanya jambo jipya. Kama kuna simu yenye kamera, ya kwako au ya jirani, mrekodi akiwa nyumbani anacheza, anakula na anapoitwa jina. Watoto wengi wakifika mbele ya daktari hulia tu au hujificha, na daktari akiona zile dakika mbili za nyumbani ataelewa haraka zaidi.